Begi Lililotoka Osaka

Mdogo wangu Beldina alikuwa na wiki tatu tu Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, madam wake alipomwonyesha picha kwenye simu: fataki juu ya mto wa Osaka, barafu ya kusagwa iliyomwagiwa sharubati, wasichana wamevaa kanzu za pamba zenye maua. "Agosti tunaenda wote," madam akamwambia. Beldina alinipigia akicheka ovyo. Kuosha vyoo vya watu kulikuwa kumemchosha, na safari hiyo ndiyo kitu pekee alichokitaka mwaka huo wa 2015. Nami nilishaanza kuwaringia majirani, siwezi kukana.

Visa ya Japani ikabandikwa kwenye pasipoti. Kisha madam akamkabidhi begi la magurudumu alilolitumia Mourine, mfanyakazi aliyemtangulia, walipokwenda Osaka mwaka uliopita. Alisafishe, litakuwa lake.

Alilifungua mchana, juu ya paa la nyumba. Uvundo ukampiga, wa matumbo ya samaki yaliyosahaulika juani. Ndani mlikuwa na kanzu ya maua ya buluu, imeloa chepechepe kwa ute wa manjano, na rasta za kahawia zilizong'oka na ngozi ya kichwa. Aliifua, akaianika. Jua la Jeddah hukausha shuka kabla hujamaliza chai. Alasiri kanzu ilikuwa bado inadondosha ute.

"Madam, Mourine yuko wapi?" aliuliza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.

"Mourine mafi."

Beldina alisikia "mavi". Akanitumia ujumbe wa sauti: "Sister, huyu mama ana madharau! Eti Mourine ni mavi. Na vile hii begi inanuka, sijui kama anadanganya!" Tulicheka sana. Mpaka leo kicheko kile kinanichefua.

Absalom, dereva wa nyumba ile, Mkenya aliyekaa huko miaka sita, ndiye aliyemnong'oneza jikoni.

"Mafi si matusi, Beldina. Ni kusema hakuna. Hayuko." Akatazama mlango. "Mimi ndiye niliwapokea airport wakitoka Osaka. Mourine hakuwa nao. Hiyo begi nilibeba mimi. Ilikuwa nzito. Na ilikuwa na joto."

Beldina alipanda paani. Kamba ilikuwa tupu. Alishuka chumbani kwake. Kanzu ilikuwa kitandani. Imekunjwa. Rasta zilikuwa juu ya mto. Zimesukwa upya.

Alitapika. Alitapika sebuleni, juu ya zulia la kafili, mume wa madam aliyemdhamini, akaapa kwamba Osaka haendi hata wakimuua. Kafili akaziba pua. "Halas," akasema, yaani basi, yameisha, na karatasi za kumrudisha zikatengenezwa. Mwisho wa Julai alikuwa jikoni kwangu, Luanda ya magharibi mwa Kenya, amekonda, mzima. Nililia kwa furaha.

Pasipoti yake niliifungia kabatini mwenyewe siku hiyo hiyo. Septemba nikaitoa, alipotaka kuomba kazi nyingine. Kurasa zilikuwa zimenatana kwa ute wa manjano. Nilizibandua kwa kisu, nikihema kwa mdomo.

Pembeni ya visa palikuwa na stika ya kuingia Japani, uwanja wa Osaka, tarehe nne Agosti. Siku hiyo Beldina alikuwa nami, tukimenya viazi vya harusi ya binamu yetu. Watu mia walimwona.

Nilipekua kila ukurasa nikitafuta muhuri wa kutoka Japani. Bado nautafuta.