Salamu za Katikati ya Simfonia

Jumatatu jioni Ninga alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake ameinuka kwenye mito, anatabasamu peke yake kama bibi harusi, na kabla hata hajavua viatu akapokewa na shukrani.

"Ahsante kwa salamu, mwanangu. Ila ungenionya mapema! Kuniita Kidoti mbele ya mji mzima? Jina hilo hata marehemu baba yako alikuwa haruhusiwi kulitamka mchana."

Ninga akatabasamu, akagusa koo kwa vidole viwili. Ndiyo ishara yake ya kila jioni: leo nimechoka kusema. Jina la Ninga alipewa na wasikilizaji, kwa ile sauti yake ya kubembeleza iliyokuwa ikiwafanya wanaume wazima wapitilize vituo vyao vya kushuka. Kutwa alikuwa akimwaga maneno redioni, na akifika nyumbani anahifadhi sauti, kama watangazaji wote wanavyofundishana. Chai anaiomba kwa kidole. Usiku mwema anausema kwa kope. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga tangu mwaka uliopita, hatoki kitandani, redio yake juu ya mto pale karibu na sikio. Jirani yao mshonaji, aliyeweka cherehani dirishani kabisa ili asipitwe na kitu, alikuwa hafichi neno: "Mji mzima unaongeleshwa, mzazi anapigiwa kope. Haya, ndiyo usomi."

Lakini jambo lililomkaa Ninga kooni jioni ile ni jingine. Hakutuma salamu yoyote. Wiki ile salamu zilipigwa marufuku.

Meneja wa kituo chao alikuwa amekwenda semina mahali, akarudi kifua mbele na sanduku la santuri. Akatangaza Wiki ya Muziki wa Klasiki, kila alasiri, okestra kamili, fidla na piano, hakuna matangazo ya biashara, hakuna salamu, hakuna porojo. Ninga alitakiwa ataje jina la simfonia, afunge kipaza sauti, basi. Na simfonia, kama hujawahi kuisikiliza, haiimbwi moja kwa moja. Ina vipande. Kipande kikiisha wanamuziki wananyamaza, wanavuta pumzi, ndipo wanaanza kingine. Meneja alikataza kimya hicho kisiguswe. "Kwa wastaarabu," alisema, "hapo hata kikohozi ni aibu."

Sasa redio yoyote ile huogopa kimya kuliko inavyoogopa moto. Msikilizaji akisikia kimya anahama. Kwa hiyo katika chumba cha mitambo kulikuwa na kisanduku ambacho Fundi alikiita Mlinzi. Mlinzi kazi yake kusikiliza hewani. Akiona pametulia kupita kiasi anadhani kituo kimekufa, anarusha wimbo mwenyewe. Jumatatu ile fidla ziliposhuka zikawa kama mbu wa chumba cha pili, Mlinzi akashtuka, akafyatua tangazo la sabuni: "Povu! Povu! Povu la furaha!" Meneja alitoka ofisini mbio, shati nje.

"Zima hilo dubwana!"

"Bosi," Fundi alisema, "huyu tangu niajiriwe sijawahi kumzima."

"Nimesema zima! Unanidhalilisha na mapovu yako!"

Fundi akachomoa waya. Kipande cha kwanza kikaisha, kimya kikakaa vizuri, kirefu, bila kuguswa na mtu. Ninga alikuwa amekaa mbele ya kipaza sauti kilichofungwa, mikono mapajani. Hakusikia kitu. Alihisi harufu tu, kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa chomboni, akadhani ni zulia.

Jumanne mama alikuwa amekunja mguu.

"Si uliniambia nijaribu," alisema, uso unang'aa jasho. "Ukasema, Mama, kunja kidogo kidogo, mimi nipo. Nikakunja! Uliza hapo kwa jirani."

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni na tepu yake shingoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hamu ya kusema. Ninga alimvuta uani.

"Dada, wewe umesikia nini?"

"Mimi?" Mshonaji akaangalia chini. "Mimi sikukusikia wewe. Nilimsikia mke mwenzangu."

"Si alikufa?"

"Ndiyo nakwambia! Ananiuliza sufuria yake kubwa iko wapi. Na ninayo, shoga. Ninayo kweli, ipo jikoni, ina mchele."

Wangecheka siku nyingine. Siku ile hakucheka mtu.

Kufika katikati ya wiki simu za kituo hazikupumua. Watu ambao Jumatatu walipiga kuuliza amekufa rais gani, sasa walipiga kuomba simfonia zenye vipande vingi. Mmoja alimwambia mpokea simu, "Hizo fidla zifupisheni, mnatuchelewesha." Mji ulikuwa unavumilia muziki ili ufike kwenye kimya. Kila mmoja hapo alikuwa anasemeshwa na wake. Meneja alizunguka korido akisugua viganja: "Nilisema mimi! Watu wanapenda sanaa!" Lakini kipande kikikaribia kuisha alikuwa akiingia ofisini, anafunga kwa ufunguo, na akitoka macho yamemvimba.

Ninga akaazima kwa Fundi karedio kake kadogo ka mfukoni. Simfonia ilipokaribia pumziko lake akatoka studio, akasimama koridoni, akakabana sikioni. Fidla zikaisha. Ile harufu ikapanda. Halafu ndani ya kimya, karibu sana, kama mtu aliyeegemea bega lake, akasikia mama yake anasema: "Mwanangu, leo nimefika mlangoni. Kesho nitatoka."

Akapiga simu nyumbani. Mshonaji akapokea. "Amelala, dada. Anakoroma hapa. Kwani vipi?"

Jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, Ninga aliongea nyumbani. Aliongea mpaka koo likawasha. "Mama, yule si mimi. Mama, mimi kipaza sauti nakifunga. Nakuapia."

Mama alimwangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia muuzaji aliyekosea nyumba.

"Yule anajua nilikuzaa mvua inanyesha," alisema taratibu. "Anajua goti gani linauma. Wewe unalijua goti gani?"

Ninga akaangalia magoti yote mawili chini ya shuka. Hakujua.

"Kesho siendi kazini. Nitakaa na wewe."

"Ukikaa nyumbani," mama akasema, "nani ataniongelesha?"

Asubuhi Ninga alighairi kukaa, akaondoka na ile redio mkobani ili mama asisemeshwe tena, mama analia kama mtoto aliyenyang'anywa. Haikusaidia kitu. Aliporudi mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili sakafuni, miguu iliyokuwa haijagusa sakafu mwaka mzima, na vidole vyake vilikuwa vinachezacheza kama vya mtu anayesubiri zamu ya kucheza ngoma.

"Nimesikia kupitia ukutani," alisema. "Nyumba zote zimefungua redio."

Ndipo Ninga na Fundi wakaenda kumleta mtaalamu. Alikuwa bibi mnene mwenye miwani, jina lake kubwa kwa kutoa majini, na neno lake la kwanza alipoingia studio lilikuwa, "Hiki kiti kinazunguka? Kizungushe basi nione." Akazunguka, akaridhika, akauliza kama akisoma dua zake pale, mdogo wake wa kike aliyewahi kumwita yeye mwongo atamsikia. Halafu Fundi akamweleza habari za Mlinzi na waya aliouchomoa, na yule bibi akaacha kuzunguka.

"Mmefungua chumba kitupu," alisema, "chumba kinachotokea katika kila nyumba ya mji huu, halafu mkakaa nje mnasubiri fidla?"

"Tulikuwa hatujui, bibi."

"Mimi huwa namtoa jini ndani ya mtu. Namshika, namuuliza jina, namtoa. Huyu hayumo ndani ya mtu. Mmemrusha hewani." Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Rudisheni kisanduku chenu. Kimya kikiingia tu, kirushe chochote. Hata hayo mapovu. Akose pa kukaa. Mimi nitasoma."

Meneja hawakumwambia. Ilikuwa siku ya mwisho ya wiki, simfonia ndefu kuliko zote. Mshonaji alikuwa ameachiwa mama, ameahidi kukaa mlangoni na kiti chake na cherehani yake pia ikibidi. Fundi akachomeka waya. Taa ya Mlinzi ikawaka kijani, na wote watatu wakaitazama kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa.

Kipande cha kwanza kikaisha.

Kimya kikaingia. Bibi akaanza kusoma kwa sauti ya chini, Fundi akaweka mkono juu ya kisanduku, wakasubiri mapovu. Mapovu hayakuja. Taa ilibaki kijani.

"Kimeharibika?" Ninga alinong'ona.

Fundi aliinamia kioo. Alikuwa anaangalia sindano, ile sindano ndogo nyuma ya kioo inayoruka kila sauti inapokwenda hewani, inayopaswa kulala kabisa pakiwa kimya, na sindano ilikuwa inaruka.

"Hakijaharibika, dada," alisema. "Mlinzi hapigi wimbo pakiwa na mtu anaongea."

Ninga akasogea karibu, na hapo ndipo alipotambua, kwa sababu miaka yote aliyokaa mbele ya kioo kile alikuwa ameizoea sindano ya kila mtangazaji kama mtu anavyozoea mwendo wa nduguze gizani, na aliijua hii, inavyopanda taratibu, inavyotua, inavyotetemeka kidogo mwishoni mwa sentensi pale anapobembeleza, ilikuwa yake, ilikuwa yeye anasema, naye amesimama pale mdomo umefungwa, bibi anasoma kwa kasi zaidi na jasho linamtiririka chini ya miwani, harufu ya maua yaliyooza imejaa chumba mpaka inaonjeka ulimini, na kimya ambacho kilipaswa kuwa pumzi moja ya wanamuziki kikaendelea, na kuendelea, kwa sababu santuri ilikuwa imesimama yenyewe na hakuna aliyeigusa. Akarukia kiti, akafungua kipaza sauti, akapiga kelele, "Mama! Mama, usitoke! Mama, ni mimi!" na sindano haikubabaika hata kidogo, iliendelea na maneno yake ya upole kama mtu mzima anayeendelea na mazungumzo wakati mtoto anamvuta nguo.

Bibi akaacha kusoma.

"Endelea!" Fundi alimwambia. "Bibi, endelea!"

Lakini bibi alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kale karedio ka mfukoni kalikokuwa mezani, anasikiliza, na midomo yake ilikuwa inasema taratibu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Nakuja."

Ninga akakimbia.

Alikimbia barabara nzima jua likiwa bado juu, na barabara haikuwa na mtu. Maduka yako wazi, mizani zimeachwa, na kila dirisha lina redio na kila redio haina sauti masikioni mwake, ila ndani ya nyumba alisikia watu wanacheka, wanaitika, wanasema jamani na wewe ulikuwa wapi siku zote. Alipofika kwao, kiti cha mshonaji kilikuwa mlangoni, kitupu. Mshonaji mwenyewe alikuwa jikoni kwake, anamwaga mchele sakafuni kutoka kwenye sufuria kubwa, anasema, "Chukua, dada yangu, chukua, nilikutunzia tu."

Mlango wa nyumba yao ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Ninga alipiga kwa viganja. Akasikia hatua. Mama yake alikuwa anatembea, hatua nzito lakini nzima, bila fimbo, anakuja mpaka mlangoni, na kidirisha kidogo cha mlango kikafunguka. Nywele alikuwa amesukwa upya, mistari iliyonyooka, kazi ya mikono iliyotulia. Alimwangalia Ninga kutoka juu hadi chini.

"Mama," Ninga alisema. Au alitaka kusema. Midomo ilicheza, pumzi ikatoka, lakini ndani ya pumzi hamkuwa na kitu. Akajaribu tena. Akashika koo lake kwa vidole viwili.

Mama akasubiri kidogo kwa adabu, kama mtu anayesubiri ombaomba aseme shida yake.

Kutoka chumbani, juu ya mlio wa chanuo likipita kwenye nywele, sauti laini ikauliza, sauti ile ile iliyokuwa ikiwapitisha wanaume vituo vyao, "Kidoti wangu, nani huyo?"

"Hakuna mtu, mwanangu," mama akajibu, akageuka kuelekea ndani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Ninga hakuwahi kumpa. "Endelea kunisimulia."

Akafunga kidirisha.