Huruma ya Mama Pindo na Ndege wa Mawe

Jamani, sogeeni niwasimulie yaliyomfika Mama Pindo, fundi wa nguo kisiwani, mwanamke asiyeweza kuua hata sisimizi.

Asubuhi zake zilikuwa tulivu. Cherehani likinguruma dirishani, paka wake mweupe, Pamba, amejikunja juu ya vitambaa vya wateja, na mumewe anafunga kamba za viatu tayari kwenda kazini.

"Haya, nawaacha wake zangu wawili," mume hutania. "Mmoja anashona, mwingine anakoroma."

Mume alikuwa mlinzi wa ndege. Kwenye ncha ya kisiwa, penye mawe, waliishi ndege wa kijivu wasiopatikana kwingine popote. Watu waliwaita Bi Taratibu, maana walitembea kama wageni walioshiba. Walitaga chini, na kwa kuwa pale maweni hapakuwahi kufika mnyama wa kuwawinda, hata kukimbia hawakujua.

Kabla Pamba hajazaa, daktari wa mifugo alipita nyumba kwa nyumba.

"Mama, nimfunge kizazi huyu. Ni bure, na keshokutwa atakuwa anaruka."

"Kamfunge mkeo!" Mama Pindo alijibu, wateja wakaangua kicheko. Daktari akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Pamba akazaa. Watoto wa uzao wa kwanza majirani waliwagombania. Wa pili hakuna aliyewataka, na wa tatu ndiyo kabisa. Kuwaua Mama Pindo hakuweza, kumwambia mumewe aliona haya, akamwacha adhani nao watachukuliwa na majirani. Basi akawatia kapuni, akawafunika kitambaa kama anayepeleka nguo kwa mteja, akaenda kuwaachia kule maweni. "Mungu atawaruzuku," alijisemea. Na kweli waliruzukiwa, ndugu zangu. Lakini kwa nyama ya nani?

Haikupita miezi mingi, mume akaanza kurudi nyumbani mzito wa maneno. Mayai yamevunjwa. Makinda hayaonekani. Akamshuku jirani yao, mchonga mawe, ambaye hufanya kazi upande ule.

"Wewe ndiye unayeiba mayai!" alimfokea mbele ya watu.

"Miaka ishirini tunakula pamoja, leo mimi mwizi?" jirani aliuliza. Akafukuzwa kule maweni, akawa hapiti tena mlangoni mwao.

Mama Pindo aliyasikia yote akiwa kwenye cherehani. Pindo alilokuwa akishona likaenda upogo. Akalifumua, akalishona upya, na mdomo wake akaufumba.

Siku moja mume aliingia na gunia linalofurukuta. Akalifungua juu ya meza ya kukatia nguo. Akatoka paka mweupe, mwembamba, manyoya ya ndege yamemganda mdomoni.

"Nimemkuta kwenye kiota," mume alisema taratibu. "Hebu mtazame. Amefanana na nani?"

Mama Pindo akaanza kulia.

"Umewapeleka wangapi?"

"Tisa. Nilidhani watajitafutia, mume wangu. Niliwaonea huruma."

Mume akaketi. "Na mimi nimemwita mwenzangu mwizi," alisema. "Nawe ulikuwa hapo hapo, unanisikia."

Walitega mitego mwaka mzima, maana wale tisa nao walikwisha kuzaana. Pamba alifungwa kizazi, akawa halali nje. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kule maweni alibaki Bi Taratibu mmoja tu, dume, akiita asubuhi hadi jioni, haitikiwi. Mvua zilipokwisha, naye hakusikika tena.

Mume na mke walikwenda pamoja kumwomba radhi mchonga mawe. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa mkono.

"Mimi nimewasamehe," alisema. "Lakini wale ndege, mtawaomba radhi wapi?"



FUNZO

Paka hana kosa, ameumbwa kuwinda. Kosa ni letu sisi tunaomfuga. Ukimpenda paka wako, mfunge kizazi, mlaze ndani, na usimtupe mtoto wake porini ukajidanganya kwamba umemhurumia. Na ukikosea, sema mapema. Mama Pindo angesema siku ile jirani alipofokewa, huenda ndege wale wangekuwapo hata sasa, na wajukuu zetu wangewaona wakitembea.