Pima Kifua, Achana na Pembe

Asubuhi hiyo Rhobi alikuta mwanambuzi mwingine amekufa zizini. Akamfunga kwenye gunia kuukuu. Msimu huu wa mvua wanambuzi wake walizaliwa wadogo mno, wakashindwa hata kusimama wanyonye. Mama zao walikula vizuri na maziwa walikuwa nayo. Kosa lilikuwa la beberu, na beberu alikuwa wa mumewe.

Mumewe, Werema, alikuwa uani akimpaka beberu huyo samli kwenye pembe.

"Leo mkutano unachagua," alisema Werema. "Beberu mmoja atabaki kupanda mbuzi wote wa kijiji. Wengine watahasiwa. Nani atamshinda huyu? Pembe zake shubiri mbili na zaidi."

"Pembe zinanyonyesha?" Rhobi aliuliza.

"Babu zetu walipima pembe."

"Na mimi nachimba mashimo ya kuzika. Beberu huyu akichaguliwa, wanawake wote wa kijiji hiki cha Kisaka watachimba kama mimi."

Werema akacheka. Kicheko kile kilimchoma Rhobi kuliko tusi. Akabeba gunia lake, akatangulia njiani bila kumsubiri.

Mkutano ulikuwa penye josho. Mabeberu wawili walikuwa wamebaki kushindana. Wa pili alikuwa wa Joram, aliyeletwa kijijini kutoka upande wa Tarime na Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini. Mbuzi wa Joram walikuwa warefu wa mwili, pembe zao fupi. Werema aliwaita mbuzi wa wageni, kana kwamba yeye mwenyewe hakuhamishwa kwa lori mwaka uleule.

Bwana Mifugo, kijana aitwaye Nikolaus, alifika akawakuta wazee wanapima pembe kwa shubiri.

"Shikamooni, wazee wangu. Mnachagua beberu au mnachagua tarumbeta?"

"Marahaba. Usituchezee, kijana," alisema Werema. "Wa kwangu ameshinda. Andika."

Hapo Rhobi akapita katikati ya wanaume. Akafungua gunia, akamlaza yule mwanambuzi mfu miguuni pa mumewe.

"Huyu ni mtoto wa mshindi wenu," alisema. "Mpimeni naye pembe."

Werema alitazama chini, taya zikimcheza kwa hasira.

"Mama amesema kweli," alisema Nikolaus. Akatoa futi kamba mfukoni, ile wanayotumia mafundi cherehani. "Kwanza tutazame meno. Mbuzi wanaolinganishwa wawe wa umri mmoja. Hawa wawili meno yao ni sawa. Mama, shika huku."

Rhobi akashika. Wakamsimamisha beberu wa Werema mahali tambarare, miguu yote minne imenyooka. Wakazungusha kamba kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele.

"Kifua kikubwa kina nafasi ya moyo na mapafu," alieleza Nikolaus. "Tena kinakuonyesha uzito wa mbuzi hata kama huna mizani. Tumbo litakudanganya. Akinywa maji tu linajaa. Kwa hiyo pima asubuhi, kabla hajaenda malishoni."

"Sentimita sitini na sita," Rhobi alisoma. Kusoma tarakimu alijifunza kwenye darasa la watu wazima.

Kisha wakapima urefu wa mwili, kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matako. Mwisho wakapima kimo, kutoka chini hadi juu ya mabega. Halafu wakampima beberu wa Joram.

"Kifua sabini na tano," alisoma Rhobi. Kwa urefu na kwa kimo pia, beberu wa Joram alimzidi mwenzake.

"Basi pembe fupi ndiyo dawa?" Werema alidakia.

"Hapana, mzee. Pembe hazituambii kitu, ndefu wala fupi. Tazama mwili, miguu, afya, na watoto wake."

"Watoto wa beberu wa Joram wako pale, wanaruka," alisema Rhobi. "Wa kwako huyu hapa chini."

Mkutano ukamchagua beberu wa Joram. Wa Werema alihasiwa siku ileile, na Rhobi ndiye aliyemshika miguu. Werema hakusema naye mpaka walipokwisha kuvuna.

Mvua zilizofuata, mbuzi wa Rhobi walizaa wanambuzi wakubwa. Walisimama mapema, wakanyonya, wakaishi. Wajukuu wake wakapata maziwa. Wageni walipopita, Werema aliwaonyesha zizi akijigamba, "Mimi na Bwana Mifugo tulipima."

Rhobi alimwacha amalize.

"Nani alishika kamba?" aliuliza.

Werema akakohoa. "Mke wangu."

"Na nani alicheka?"

"Mimi," alisema Werema, mbele ya wageni wote.

"Haya, karibuni maziwa," alisema Rhobi, akaenda kuleta vikombe.