Mganda wa Mwisho wa Nna Wiza

Umewahi kumsikia kondoo akikohoa kikohozi cha mtu unayemjua? Basi tulia, na usinitajie majini. Nimesomea mifugo chuo kikuu, Algiers, na watu wanaoona jini kila kichaka hunichosha. Ninachosimulia nilikiona mchana kweupe.

Mama mkubwa wangu, Nna Wiza, alifuga kondoo wa asili wa milima yetu ya Kabylia: weupe, macho na masikio yamezungushiwa bluu nzito karibu na weusi. Aliwalisha majani ya mtini kwa mkono wake, nao walilala chini ya chumba chake. Shayiri aliipanda kwenye kipande cha ardhi kilichong'ang'ania mteremko. Alikuwa na wana wawili. Mokran, mkubwa, mpole. Na Belaid, aliyerudi kutoka Marseille na sigara, mdomo, na kikohozi: mara tatu, kisha kifua kinapiga mluzi.

Kwetu, shamba likivunwa huchinjwa. Mganda wa mwisho hulazwa kuelekea kibla na kukatwa kama shingo, huku wavunaji wakiliimbia shamba life ili lije lifufuke. Mkataji ni mgeni daima. Mwenye shamba akilichinja mwenyewe, shamba nalo litatafuta shingo nyumbani kwake.

Miaka kadhaa iliyopita Belaid alimpokonya mgeni mundu.

"Wee, acha!" Mokran akamdaka mkono.

"Niache, Dda," akasema, kwa neno letu la kumwita kaka. "Kaka mzima unaogopa majani?" Akakohoa, akacheka, akakata. "Haya, limekufa. Leteni sanda!"

Nna Wiza hakumtazama Belaid. Alimtazama Mokran.

Wiki hiyo kondoo majike walianza kukutwa chini wamepasuliwa koo. Mlango umefungwa, mbwa hakubweka. Niliwakagua mimi mwenyewe, nikitafuta alama za meno ya mbweha. Hazikuwepo. Kisha Mokran akaamka na mstari mwekundu shingoni, mwembamba kama uzi.

Kesho yake Belaid hakuonekana.

"Karudi Marseille," Nna Wiza alisema, akiendelea kukanda unga.

Bila hata kuaga? Nilidhani ni utovu wa adabu tu. Alikuwa nao wa kutosha. Mstari wa Mokran ukafutika. Kondoo wakaacha kufa. Watu wa kijiji, lakini, waliwajua ndugu wale walivyogombana, wakamshuku Mokran, wakaanza kumpisha njiani.

Vuli tulilima, tukapanda. Shayiri ilistawi, ila chini ya mtini wa pale shambani ilipanda hadi kifuani. Msimu huohuo akazaliwa kondoo dume, kichwa kama nyundo. Alikohoa kabla hajanyonya. Mara tatu. Kisha mluzi.

"Minyoo ya mapafu," nikasema, nikampa dawa.

Mokran alinitazama kwa huruma. "Dada, ana saa moja tangu azaliwe."

Mavuno yakafika. Jua la utosi. Mvunaji kutoka bonde la pili akaulaza mganda wa mwisho, uleule wa chini ya mtini, akainua mundu. Mundu uliruka. Vidole viwili vikaanguka kwenye mabua. Alikimbia akipiga mayowe, damu ikimfuata mteremkoni, na wavunaji wengine nyuma yake.

Mokran akajishika shingo. Mstari ulikuwa umerudi. Safari hii ulitoa damu.

Dume likakata kamba. Likaja. Lilimpiga Mokran mbavuni, nikasikia mifupa ikivunjika kama kuni kavu. Akaanguka. Likampiga tena. Nililitwanga jembe kichwani, mpini ukakatika. Halikugeuka. Likampandia kifuani, likamwekea mdomo sikioni.

Mara tatu. Mluzi.

"Niache, Dda."

Nilitafuta aliyesema. Tulikuwa watatu tu pale: mimi, Mokran, na Nna Wiza aliyekuwa anapanda mteremko bila viatu. Mdomo wa dume haukutikisika.

"Mama," Mokran alinong'ona, damu ikimtoka mdomoni, "wallahi sikumgusa."

"Najua, mwanangu."

Koo la Mokran lilikuwa linafunguka, taratibu, mbele ya macho yangu. Daktari aliyelishona aliniuliza baadaye ni kisu gani kilichotumika. Mundu ulikuwa mbali, nyuma yetu. Hata sasa kovu lile hulowa damu kila shayiri inapoiva, na mimi, na shahada yangu, hufungua bandeji na kumfunga nyingine.

Nna Wiza alipiga magoti. Akalishika lile dume mashavu yake ya bluu, kama anavyoshikwa mtoto anayelia.

"Mwache kaka yako, Belaid. Ni mimi. Ulikuwa umelala hapahapa chini ya mtini, nikakugeuza kibla, nikakuchinja kwa mundu uleule. Shamba lilikuwa linamchukua yeye. Nikakutoa wewe."