Babu Stamen Aomba Radhi

Jumapili ile Radostina na mama yake, Nevena, walikuwa jikoni wakioka mkate wa jibini wa kumpelekea Babu Stamen. Kijijini kwao, Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo wa Kwaresima, wadogo huwabusu wakubwa mkono na kusema, "Nisamehe." Wakubwa hujibu, "Mungu amekusamehe."

Kila mwaka Mama alibusu mkono, lakini neno hakulitamka. Radostina alijua sababu. Mama alipokuwa na miaka kumi na minne, alifaulu mtihani wa shule ya wauguzi mjini. Babu akaificha barua ya matokeo, akamwambia amefeli, kisha akampeleka shambani kuchuma tumbaku. Mama aliikuta barua ile kabatini akiwa ameshazaa.

"Mama, leo utasema?"

"Niseme nini? Nimwombe radhi kwa kunidanganya?"

Radostina akaufunika mkate kwa kitambaa. Alimpenda babu yake, na alimwonea mama yake uchungu.

Walipofika, yeye ndiye aliyeanza. "Babu, nisamehe. Kioo cha bandani nilikivunja mimi, nikamsingizia paka."

"Mungu amekusamehe," Babu akacheka. "Maskini paka! Nimemnyima maziwa wiki nzima!"

Kisha Mama akainama kuubusu mkono. Babu akaurudisha nyuma.

"Ngoja, Nevena. Mjukuu wangu kanitia aibu." Akainuka kwa taabu. "Ulifaulu, mwanangu. Barua niliificha mimi, nikakuita mjinga mbele za watu. Nisamehe."

 Radostina hakuwa amewahi kuona baba akimwomba mtoto wake radhi.

"Nilikuwa wa tatu wilaya nzima, Baba."

"Najua. Nimeisoma barua ile mara nyingi."

"Iliniuma. Mpaka leo inaniuma."

"Una haki."

Mama alilia, akajifuta kwa kitambaa cha kichwani. "Mungu amekusamehe, Baba," alisema. "Mimi bado niko njiani, ila nakuja."

Wakala mkate, na kwa mara ya kwanza Mama hakuwa na haraka ya kuondoka.

Wakati wa kurudi Radostina aliuliza, "Mama, umefurahi?"

"Sana. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Babu yako kachelewa kuchutama, lakini kachutama." Mama akamshika mkono. "Ukikosa, mwanangu, sema mapema kama ulivyosema leo. Ukubwa hauondoi kosa. Kinachoondoa kosa ni ukweli, hata uwe umechelewa miaka ishirini."