Mke wa Sultani Sanjar

Jioni ile nilipita dukani kumnunulia Mzee Wazir ndizi na maziwa, kisha nikaendesha gari polepole kuelekea kwake Sterling, huku Marekani. Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na tisa. Mvua ilinyesha na kuganda papo hapo. Miti yote ilivikwa barafu, na matawi yalikuwa yakikatika kwa uzito... kaa!... kaa!... kama mtu anayevunja mifupa.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia wazee majumbani. Mzee Wazir alikuwa Mzanzibari, mwalimu wa historia zamani. Kiharusi kilimlaza, hawezi hata kujigeuza kitandani. Binti yake, Rahma, alifanya kazi uwanja wa ndege wa Dulles, nami nilikaa na baba yake mpaka arudi. Siku ya kwanza kabisa alinipa sharti moja.

"Mgeuze atazame dirisha, au mlaze chali. Usimgeuze kutazama korido. Hata akikuomba. Hata akilia."

"Kwa nini, Dada Rahma?"

"Basi tu."

Mimi ni Mkristo wa Eldoret. Nilidhani ni mambo ya kibla, nikalishika sharti lake.

Nilipofika nilimbadilisha nguo mzee, nikamlisha ndizi kidogo. Rahma akapiga simu kusema barabara hazipitiki, atachelewa. Hata sijaweka simu chini vizuri, stima ikapotea. Mtaa mzima ukawa giza. Nikawasha mshumaa, nikaketi kando ya kitanda.

Ndipo nikasikia.

Shaa... shaa... shaa...

Ilitoka korido. Sauti ya kichana kinachopita kwenye nywele ndefu.

"Umesikia?" mzee akanong'ona.

"Ni matawi, Mzee. Yanakwaruza ukuta."

"Matawi hayana harufu."

Nikavuta pumzi. Kweli. Nje kila kitu kiliganda, lakini chumba kilijaa harufu ya udongo wa jangwa, udongo uliochomwa na jua kisha ukamwagiwa maji.

"Kaa karibu, mwanangu," akasema. "Nikuhadithie habari za Sultani Sanjar, upate kumjua uliye naye nyumba moja."

Nilitaka kumwambia alale. Lakini kimya kilinitisha kuliko hadithi.

"Alikuwa Mturuki wa ukoo wa Seljuki, zamani, miaka zaidi ya mia nane. Alikabidhiwa nchi ya Khorasani akiwa mtoto bado. Akatawala mpaka ndevu zikawa nyeupe, wafalme wadogo wakimpigia magoti. Na mwisho wake, je? Waturuki wenzake, wachunga kondoo, wakamteka. Inasemwa mchana walimkalisha kwenye kiti cha enzi, usiku wakamfungia tunduni kama mnyama. Alipotoroka akaukuta mji wake wa Merv umeteketezwa. Hakuishi sana baada ya hapo. Hayo yamo vitabuni."

Shaa... shaa...

"Yasiyokuwemo ni haya. Watu wa kule husema alioa jini. Yule mke akampa masharti. Usinitazame miguu nikitembea. Usinishike kiuno. Na usinitazame nikichana nywele. Lakini sultani ni mtu wa kuamrisha, ataamrishwaje? Akachungulia. Akamkuta mkewe amekivua kichwa, amekipakata mapajani, anakichana."

Mshumaa ukayumba. Hapakuwa na upepo.

"Kichwa kikafumbua macho, kikamtazama. Tangu hapo hakumwona tena. Akajenga kaburi lake lenye kuba kubwa la buluu, akaacha tundu juu, huenda akamwona akipita angani. Humo akazikwa."

"Ni hadithi tu hiyo, Mzee."

"Mimi nilisoma Tashkent enzi za Warusi. Nikenda Merv kuliona kaburi lile. Jua lilikuwa kali, nikajilaza ndani, kivulini. Nikaamshwa na sauti ya mwanamke. Kituruki chao nilikuwa nakijua. Alisema, 'Sultani, umechelewa.'"



"Akanifuata Unguja. Akanifuata mpaka huku. Nikaishi naye, na kila alipochana nywele niligeuka ukutani. Umri wangu wote, Jelagat. Nimeshikamana naye kwa kutomtazama." Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, hana mkono wa kuyafuta. "Leo nakufa. Mguu umeshapoa. N'geuze."

Niliushika mguu. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Dada Rahma amenikataza."

"Rahma anamtaka abaki. Mimi namtaka nimwone. N'geuze, mwanangu... nakuomba."

Ile sauti ilikuwa imefika mlangoni.

Nimekaa na watu wengi saa zao za mwisho. Wengine walitaka maji, wengine walimtaka mama. Sikuwahi kumnyima yeyote. Nikaupa mlango mgongo, nikapitisha mkono chini ya bega lake, na mwingine nyongani. Nikaanza kusali kwa Kikalenjin, kwa sauti ya chini. Nikamvuta, akageuka. Nami nikafumba macho, nikauzika uso wangu kwenye blanketi lake.

Kichana kikanyamaza.

Nikasikia nguo ndefu ikiburuzwa sakafuni. Hatua sikusikia. Nguo tu... taratibu... ikaja mpaka nyuma yangu. Baridi ikanipanda mgongoni.

"Sultani."

Sauti ile haikutoka juu, mahali mtu aliyesimama husemea. Ilitoka chini. Usawa wa kiuno.

Kama kitu kilichopakatwa.

Mzee Wazir alivuta pumzi ndefu. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Akasema kwa upole, kama anayempokea mgeni wake mlangoni:

"Kumbe na wewe umezeeka."

Kisha kifua chake, kilichokuwa chini ya shavu langu, kikatulia.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Kilichonitoa pale ni funguo za Rahma. Aliingia na tochi, mabega yamejaa barafu, akasimama mlangoni. Mwanga ukamwangukia baba yake, macho wazi, ametazama korido.

"Umemgeuza."

"Aliniomba, Dada Rahma."

Alimfumba macho baba yake, akasoma, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akamfunika. Aliporudi kwangu alinishika mikono yote miwili, akinong'ona kama mtu anayeogopa kusikika.

"Ulimtazama?"

"La. Nilifumba macho. Yule ni nani?"



"Mama," akasema. "Amenilea, amenisuka nywele gizani, na uso wake siujui. Majini wakishaonekana huondoka. Niambie, ameondokea wapi?"

"Mlango wa mbele," nikasema. "Nilimsikia akitoka."

Nilimdanganya. Nilitaka apate pa kutazama. Ukweli ni kwamba nguo ile niliisikia ikija, ikasimama nyuma yangu. Sikuisikia ikiondoka.

Mzee alizikwa kesho yake, ardhi ngumu kama chuma. Niliacha kazi ile. Sasa naishi Bladensburg na rafiki yangu Awino, ambaye hulalamika kwamba chumba changu kina ubaridi hata hita ikiwashwa mpaka mwisho. Namwambia ni dirisha.

Rahma hunipigia simu mara moja moja, jioni, giza likianza kuingia. Hunijulia hali, huniuliza kazi. Kisha huuliza lile analolitaka.

"Hajaja kwako?"

"Hapana, Dada Rahma."

Hunyamaza hapo. Hunyamaza muda mrefu, kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko nyuma yangu.

"Haya," husema. "Msalimie."