Maji ya Jagi la Bibi

Kila alasiri akitoka shule, Chapuchapu alivua viatu mlangoni, akamwamkia bibi yake, kisha akamjazia jagi la maji kutoka kwenye bomba dogo la kichujio. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu kila kazi aliifanya mbiombio. Bibi alikuwa akitumia dawa kali zilizodhoofisha kinga ya mwili wake, na daktari alikuwa ameonya asinywe kabisa maji ya kisima yasiyochujwa.

Wiki hiyo bomba la kichujio lilitoa maji kidogo kidogo kama machozi. Mama yake, fundi wa mabomba, aliinama chini ya sinki akaligonga tangi dogo la kichujio.

"Upepo umepungua," alisema. "Ndani humu mna mfuko wa mpira. Maji hukaa kwenye mfuko, upepo hukaa nje yake na kuyasukuma. Mimi nimechelewa kazini, na wewe umeniona nikifanya mara nyingi. Funga maji yanayoingia, fungua bomba mpaka tangi liwe tupu kabisa, ndipo upime upepo. Jaza kwa pampu ya baiskeli, polepole, paundi saba. Usizidishe."

"Sawa, mama."

Maji yalichukua muda kuisha, na wenzake walikuwa wakimwita wakaruke kamba. Chapuchapu akachomeka pampu tangi likiwa bado na maji, akasukuma kwa nguvu bila kutazama kipimo. Kitu kikapasuka ndani. Maji yakaanza kuchuruzika pale pa kujazia upepo. Alikaza kifuniko, akapangusa sakafu, akaacha maji yamefungwa.

Jioni mama aliuliza, "Umeweka ngapi?"

"Saba."

"Na tangi lilikuwa tupu?"

"Ndiyo."

"Huo ndio mkono wa fundi," mama alisema. Chapuchapu akainama, akairudisha pampu mahali pake bila kumtazama.

Kwa siku mbili alijaza jagi kwenye bomba la uani, lililotoa maji ya kisima. Mama aliondoka mapema na kurudi hoi, hakujua lolote.

"Maji haya yana ladha ya chuma, mjukuu wangu," bibi alisema.

"Ni kichujio kimesafishwa, bibi." Bibi akanywa yote, kwa kuwa alimwamini.

Siku ya tatu bibi alitapika na kuharisha hadi akashindwa kuinua kichwa. Hospitalini daktari aliuliza, "Amekunywa maji gani?"

"Ya kichujio tu," mama alijibu. "Hapo nina hakika."

"Basi si maji. Itabidi tutafute chanzo kingine." Daktari akageuka kuondoka.

Chapuchapu alitazama midomo ya bibi iliyokauka. "Si ya kichujio," alisema. "Nimempa ya bomba la uani. Tangi nililipasua mimi."

Mama hakumgombeza. Hakumtazama hata kidogo, na hilo lilimuumiza kuliko fimbo. Daktari alibadilisha dawa palepale.

Bibi alilazwa siku kumi na moja. Alirudi nyumbani akiwa hai, lakini mwepesi kama unyoya, na hakuweza tena kufika uani bila kushikwa mkono.

Mama alileta tangi jipya, akampa binti yake pampu na kipimo. Chapuchapu akasukuma mara mbili, akapima. Akasukuma tena, akapima, mpaka mshale ukasimama kwenye saba.

"Tangi hununuliwa," mama alisema, akiketi sakafuni kando yake. "Hata mimi nilipokuwa najifunza nilipasua mawili. Ungeniambia jioni ile ile, ningechemsha sufuria moja ya maji, na mambo yangeishia hapo. Haraka yako iliharibu tangi tu, mwanangu. Kilichomlaza bibi yako hospitalini ni uongo wako. Kosa liseme likiwa bado dogo, maana ukilificha litakua, na hujui litamwangukia nani."

 Chapuchapu alifungua maji, akapiga magoti chini ya sinki, akakagua kila kiungo cha bomba kwa kidole kikavu.